Uliza Kwanza, Kisha Saidia: Kufundisha Vifaa Saidizi Katika Shule ya Msingi

Mtoto wa miaka minane au tisa bado anauliza. Akimwona mwenzake ana magongo, atataka kujua yametengenezwa kwa nini, yana uzito gani, na kama anaweza kuyajaribu. Akifika sekondari hatauliza tena. Atakuwa ameshajifunza kutazama pembeni. Ndiyo maana somo la vifaa saidizi lina mahali pake darasa la tatu na la nne. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa madarasa hayo katika shule ya kawaida ya serikali hapa Tanzania: wanafunzi wengi kuliko madawati, ubao wa chaki, simu moja ambayo ni ya mwalimu mwenyewe, na fedha za zana hakuna. Mzazi anayetaka kuzungumza na wanawe nyumbani naye atapata la kuchukua.

Nashikilia jambo moja tangu mwanzo: vifaa na kusaidiana vifundishwe pamoja. Watoto wakifundishwa vifaa peke yake, wanabaki na orodha ya majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Wakifundishwa kusaidia peke yake, wanapata moyo mwema usio na maarifa, na moyo wa namna hiyo ndio unaomfanya mtu akisukume kitimwendo cha mwenzake bila kumuuliza anaelekea wapi.

Anza na miwani

Usianze na mtu asiyeona. Anza na vitu ambavyo watoto wanavijua kutoka nyumbani na hawajawahi kuviita vifaa saidizi. Waulize: kwa nani kuna mtu anayevaa miwani? Mkongojo wa bibi huwekwa wapi usiku, na asubuhi akiukosa atashindwa kufanya nini? Mikono itanyooka darasa zima. Chora ubaoni safu tatu: mtu anataka kufanya nini, nini kinamzuia, kifaa gani kinamwezesha. Fundi cherehani anataka kutunga uzi kwenye sindano, tundu ni dogo na macho yamechoka, anavaa miwani. Bibi anataka kwenda kanisani; njia ina mawe na mteremko; anashika mkongojo.

Kaa sana kwenye safu ya katikati. Watoto wengi wataandika hapo "ni kiwete" au "haoni", kana kwamba kizuizi kinaishi ndani ya mwili wa mtu. Waulize tena kwa mfano wa shule yao. Mwanafunzi mwenye kitimwendo anaingia bila shida kwenye darasa lenye sakafu iliyo sawa na ardhi, na anashindwa kuingia darasa la jirani lenye ngazi tatu. Miguu yake ni ile ile katika madarasa yote mawili, kwa hiyo kizuizi ni zile ngazi. Mtoto akilishika hilo, mtembeze uwanjani na daftari, aandike kila kizuizi anachokiona: mfereji usio na kivuko, mlango wa choo uliobana, bomba la maji lililo juu mno. Utashangaa wataleta mangapi.

Katika hatua hii wataulizia pia chanzo. Kwa nini yule kaka wa barabara ya sokoni yuko vile? Je, inaambukiza? Mama anasema ni laana. Jibu bila kuzunguka. Mtu anaweza kuzaliwa na ulemavu, au kuupata kwa ugonjwa, kwa ajali, kwa uzee. Hauambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kutumia dawati moja. Ualbino ni jambo la kurithi, mtoto huupata kutoka kwa wazazi wote wawili, hata kama wao wenyewe hawana. Usimdhalilishe mama wa mtoto mbele ya darasa kwa kile alichosema. Toa maelezo sahihi na uendelee.

Wajue pia kwamba jambo hili ni kubwa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, katika ripoti yao ya mwaka 2022, walieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na karibu bilioni 1 kati yao hawakipati. Katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji. Darasa la nne wanaweza kulifanya hilo hesabu: kati ya watu mia wanaohitaji, simamisha watatu, waulize wengine tisini na saba watafanyaje.

Nukta nundu kwa trei ya mayai

Kama una muda wa kipindi kimoja tu katika muhula mzima, kitumie hapa. Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, huwavutia watoto kama mafumbo, na ina hadithi ya mtoto mwenzao.

Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu alichezea msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ukamchoma jicho. Maambukizi yakahamia jicho la pili, na kabla hajafika umri wa kuanza shule alikuwa haoni kabisa. Alipofika miaka kumi alipelekwa Paris kwenye shule ya wasioona. Huko alikutana na maandishi ya nukta yaliyobuniwa na Charles Barbier, ofisa wa jeshi, yaliyotumia nukta kumi na mbili. Zilikuwa nyingi mno kwa ncha ya kidole kimoja. Louis akazipunguza hadi sita, na alipofikisha miaka kumi na mitano, mwaka 1824, mfumo wake ulikuwa umekamilika. Ufaransa iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Wasimulie watoto sehemu hiyo ya mwisho pia. Wana haki ya kujua kwamba watu wazima walichelewa.

Sasa zana. Omba trei tupu ya mayai kwa muuza chipsi. Trei ya mayai 30 ikikatwa vizuri inatoa vipande vitano vyenye vishimo sita kila kimoja, viwili kwa upana na vitatu kwa urefu. Hicho ndicho chumba cha herufi moja. Mpe kila kundi kipande na visoda sita. Vishimo vina namba: upande wa kushoto kutoka juu kwenda chini ni 1, 2, 3, upande wa kulia ni 4, 5, 6. A ni kisoda kimoja kwenye namba 1. B ni 1 na 2. Kwa herufi hizo mbili tu, makundi manne yakijipanga mstari yameshaandika "baba". Kisha wape M, ambayo ni 1, 3 na 4, waandike "mama". Wengine wape I, ambayo ni 2 na 4, na wape L, ambayo ni 1, 2 na 3.

Wakishazoea, wape fumbo. Herufi kumi za mwanzo, A hadi J, hutumia nukta nne za juu tu. Kutoka K hadi T ni zile zile kumi, ila kila moja imeongezewa nukta ya 3. Andika A na K, B na L, C na M ubaoni, uwaache wagundue wenyewe. W haifuati utaratibu wa jirani zake, kwa sababu Wafaransa wa enzi za Braille hawakuwa wakiitumia. Kwetu, ambao hatuwezi kuandika "wewe" bila W, hilo huwafurahisha watoto.

Baada ya trei, waandike kwa mkono. Chukua karatasi ngumu, ya manila au jalada la daftari la zamani, iweke juu ya ndala, na ubonyeze kwa kalamu iliyokwisha wino. Nukta inajitokeza upande wa pili. Hapo watagundua kwamba anayeandika kwa kibao na kalamu ya nukta nundu huanza kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, ili karatasi ikigeuzwa isomeke kutoka kushoto. Wataona ugumu wake. Waambie pia kuna mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951, yenye vitufe sita, kimoja kwa kila nukta; ndiyo mashine inayosikika ikigonga katika madarasa ya wasioona, katika shule kama Buigiri mkoani Dodoma au Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam. Ni nzito, na kitabu cha nukta nundu ni kinene mara kadhaa kuliko cha kawaida. Kwa hiyo mwanafunzi anayevitumia anahitaji nafasi kubwa zaidi kwenye dawati, na wenzake wakijua sababu hawatalalamika kwamba anapendelewa.

Fimbo nyeupe, na kwa nini usiwafunge watoto vitambaa

Walimu wengi hupenda mchezo wa kumfunga mtoto kitambaa machoni ili "aone kutokuona kulivyo". Nakushauri uuache. Mtoto aliyefungwa macho kwa dakika tano anajifunza hofu ya mtu aliyepoteza uoni ghafla dakika tano zilizopita. Hajui lolote kuhusu mtu aliyezoea njia yake kwa miaka, anayesikia ukuta kwa mwangwi wa hatua zake. Watafiti wa saikolojia nchini Marekani walichapisha mwaka 2017 matokeo ya majaribio ya namna hii: washiriki walitoka na huruma zaidi, lakini pia na wasiwasi na hisia za unyonge, bila kuwa tayari zaidi kuchangamana na watu wenye ulemavu. Sisi tunataka kuchangamana.

Badala yake, fundisha fimbo inafanya kazi gani. Urefu wake hufika karibu na mfupa wa kifua cha mwenyewe. Ncha inagusa chini upande wa kushoto wakati mguu wa kulia unatangulia, halafu kinyume chake, hivyo kila hatua inakanyaga mahali palipokwisha kuguswa. Rangi nyeupe ni ujumbe kwa dereva wa bodaboda na daladala. Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Fimbo Nyeupe, na ni siku nzuri ya kumwalika mwanachama wa Chama cha Wasioona Tanzania aje aonyeshe mwenyewe. Akija, mwache ajibu maswali kwa kinywa chake. Wewe kaa nyuma ya darasa.

Kuongozana nako kuna namna yake, na watoto wanaipata kwa dakika chache. Anayeona hamshiki asiyeona. Anatoa mkono wake, na mwenzake anaushika juu kidogo ya kiwiko, akitembea nusu hatua nyuma, ili ausikie mwili wa anayemwongoza ukipanda au ukishuka. Fimbo haishikwi na mtu mwingine. Pakiwa na ngazi, sema "ngazi, tunapanda". Ukiondoka, aga, usimwache mtu akizungumza na hewa.

Simu inayosoma kwa sauti

Simu yako ya Android huenda tayari ina kisomaji kiitwacho TalkBack. Kimo kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu. Kabla hujakiwasha mbele ya darasa, jifunze nyumbani namna ya kukizima, kwa sababu kikiwaka simu inabadilika tabia: ukigusa mara moja inakutajia kitu ulichogusa, ukigonga mara mbili haraka ndipo inakifungua, na ukitelezesha kidole kwenda kulia inasogea kwenye kitu kinachofuata. Sauti ya Kiswahili ipo katika programu ya Google ya kusoma maandishi. Mpe mwanafunzi aguse bila kutazama kioo, darasa lisikilize simu ikisoma ujumbe. Kwa kompyuta, NVDA hutolewa bure, nayo inasoma Kiswahili pia.

Kamera ya simu hiyo hiyo ni lenzi ya kukuzia. Weka ukurasa wa kitabu mbele yake, vuta picha, na watoto wataelewa mara moja jinsi inavyomfaa mwenzao mwenye uoni hafifu. Watoto wengi wenye ualbino wako katika kundi hili. Hao wanahitaji kukaa mbele, mbali na mng'ao wa dirisha, waruhusiwe kusogea hadi kwenye ubao na kukisogeza kitabu karibu na pua bila mtu kucheka. Kofia pana na mafuta ya kuzuia jua ni vifaa vyao vya lazima. Mafuta ya Kilisun hutengenezwa hapa hapa, katika hospitali ya KCMC, Moshi. Kama shule yenu inakataza kofia mstarini, sheria hiyo ibadilishwe wiki hii.

Sikio

Shimesikio ni kifaa kidogo chenye kipaza sauti, betri na spika. Kinachukua sauti, kinaikuza, kinaipeleka sikioni. Hapa watoto wanahitaji kurekebishwa dhana moja: hawafikirii kwamba kinakuza kila kitu, kuanzia sauti ya mwalimu hadi dawati linaloburutwa na mvua kwenye bati. Kwa hiyo msaada mkubwa kuliko wote kwa mwenzao aliyevaa shimesikio hauna gharama: kelele zipungue. Waongee mmoja mmoja. Anayejibu swali anyooshe mkono kwanza ili aonekane ni nani. Mwalimu asizungumze akiwa amegeukia ubao, wala asisimame na dirisha mgongoni, maana uso wake unakuwa giza na midomo haisomeki. Kupiga kelele sikioni kunaumiza na kunaharibu maneno. Kifaa kikipiga mluzi, mara nyingi hakijakaa vizuri sikioni, mwenyewe atakirekebisha.

Wapo viziwi ambao shimesikio haliwasaidii, au hawalitaki. Lugha yao ni lugha ya alama, na ni lugha kamili yenye sarufi yake. Lugha ya Alama ya Tanzania na ya Kenya si moja, kwa hiyo usichukue alama kutoka video yoyote ya intaneti ukadhani umefika. Mtafute kiziwi wa eneo lenu kupitia CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), au mwalimu kutoka shule ya viziwi kama ya Tabora au ya Buguruni, awafundishe alama za salamu, za familia, za "sijaelewa" na "rudia". Na alama ya jina: katika jamii ya viziwi jina la alama hutolewa na viziwi wenyewe, kwa hiyo watoto wasijipachike.

Kitimwendo na hesabu

Somo hili ninalipenda kwa sababu linaacha kitu shuleni. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita kumi na mbili za urefu. Watume watoto na rula na kamba wapime ngazi za kila darasa, za ofisi na za choo. Ngazi yenye kimo cha sentimita 20 inataka mteremko wa sentimita 240. Ngazi tatu za sentimita 15 zina kimo cha 45, kwa hiyo mteremko wa sentimita 540, yaani mita tano na nusu kasoro kidogo. Hapo mtoto anatazama ule mteremko mfupi wa saruji uliojengwa kwa haraka mahali fulani mjini na kuelewa kwa nini hakuna anayeweza kuupanda peke yake. Wapime na milango pia; nafasi ya sentimita 80 ndiyo ya chini ya kuifikiria.

Matokeo wayaandike kama barua kwa kamati ya shule, kwa adabu, yakiwa na vipimo na mchoro. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa watu hao haki ya kufikia majengo ya umma, na barua inaweza kuitaja. Nina imani zaidi na barua ya namna hii kuliko hotuba: mzazi aliye fundi mwashi akiona barua ya mwanawe ina vipimo, anajua mifuko ya saruji itakayohitajika.

Kuhusu kiti chenyewe, watoto wajue mambo machache. Hakiegemewi na hakining'inizwi begi, kwa sababu kwa aliyekikalia ni sawa na kuegemewa yeye. Kiti kikubwa cha hospitali hakimfai mtoto. Kinapaswa kupimwa kwa mwili wake, chenye mto unaozuia vidonda. Ukiombwa kusukuma, sema kabla hujaanza kusogea, na kwenye mteremko mkali shuka kinyumenyume. Ukizungumza naye kwa muda mrefu, kaa chini mtazamane.

Ubao wa picha

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na akili timamu kabisa na ulimi usiomtii. Kwake, karatasi yenye picha tisa au kumi na mbili anazozionyesha kwa kidole, kwa ngumi au kwa macho ni sauti. Watoto wa darasa wanaweza kuichora, ukaifunika kwa plastiki angavu ili isilowe.

Watu wazima wakitengeneza ubao huu huweka maji, chakula, choo, naumwa. Hivyo vyote ni vya lazima, lakini mtoto haishi kwa choo na chakula. Waulize wanafunzi: ninyi wakati wa mapumziko mnasemaje? Watakutajia: twende, zamu yangu, umeniibia, acha, si kweli, ninalo swali, nichekeshe. Yaweke yote. Mtoto anayeweza kusema "si kweli" na "acha" ana ulinzi ambao picha ya maji haimpi. Kanuni ya wenzake ni kusubiri. Kuonyesha picha mbili kunachukua muda, na kumalizia sentensi ya mtu kabla hajafika ni kumnyang'anya.

Zoezi la kuuliza

Sasa maigizo. Chagua wanafunzi wawili wawili. Mmoja amesimama njiani, mwenzake anafika:

"Habari. Mimi ni wa darasa la nne. Nikusaidie?"
"Hapana, asante. Namsubiri kaka yangu."
"Haya, siku njema."

Basi. Sentensi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, maana mtoto aliyejaa wema hukataa kukataliwa. Rudieni hadi waizoee. Halafu igizo la pili, mbele ya mtu mzima:

"Shikamoo babu. Naomba kuuliza, unahitaji msaada kuvuka?"
"Marahaba mjukuu wangu. Ndiyo, nipe mkono."
"Nishike hapa juu ya kiwiko, babu. Upande gani unaupendelea?"

Maneno manne ya kukaa ukutani: nikusaidie, vipi, hapa, haya. Kuuliza kama msaada unahitajika. Kuuliza unatakiwa namna gani. Kufanya hilo tu lililoombwa. Na kukubali jibu. Ni hayo hayo kwa magongo, kwa kiti, kwa kifaa cha sikio. Udadisi pia una adabu yake. Mtoto anaruhusiwa kusema "naomba kuona magongo yako", na mwenye magongo anaruhusiwa kusema hapana. Bila ruhusa hayaguswi, hayafichwi, hayachezewi mpira. Kuficha magongo ya mtu ni kumfungia ndani, na adhabu yake shuleni isiwe nyepesi kuliko ya kumfungia mtu chumbani.

Usimteue mwanafunzi mmoja kuwa msaidizi wa kudumu. Mara nyingi huteuliwa msichana mpole, naye hupoteza mapumziko yake yote, wakati anayesaidiwa anakosa marafiki wengine. Weka zamu, na kila zamu iishe mwisho wa wiki. Na mtoto mwenye ulemavu awe kwenye orodha hiyo kama kila mtu: asahihishe hesabu za wenzake, atunze saa, afundishe nukta nundu darasa la pili. Ukiona mtoto anasaidiwa tangu Jumatatu hadi Ijumaa na yeye hajasaidia mtu, mpango wako una kasoro.

Kama darasani kwako yupo mwanafunzi mwenye kifaa, zungumza na yeye na mzazi wake faraghani kabla ya kipindi. Mwulize anataka nini kisemwe na nini kisisemwe. Wengine watapenda kuonyesha kifaa chao mbele ya darasa, wengine watataka kipindi kipite bila kutajwa. Majibu yote mawili ni halali, na la pili halihitaji sababu. Mtoto si zana ya kufundishia.

Njiani utagundua wengine. Yule anayenakili kutoka daftari la jirani badala ya ubaoni huenda haoni mbali. Yule unayemwita mkaidi kwa sababu haitiki akiitwa kutoka nyuma, huenda hasikii. Mwite mzazi kwa upole, mwelekeze kituo cha afya, na wakati mkisubiri majibu mhamishe mtoto akae mbele.

Kutunza vifaa

Kitimwendo chenye tairi lisilo na upepo ni mzigo, na tatizo hilo fundi baiskeli wa kijijini analiweza. Wape kundi la darasa la sita kazi ya ukaguzi kila Ijumaa, kwa ruhusa ya mwenyewe na yeye akiwa msimamizi: upepo, breki, nati zilizolegea, mpira wa chini wa magongo ambao ukilika gongo linateleza kwenye sakafu yenye maji. Mpira huo unaweza kubadilishwa kwa kipande cha tairi huku mpya ukitafutwa. Miwani ipanguswe kwa kitambaa laini chenye maji, si kwa karatasi. Shimesikio lisilowe; msimu wa mvua lilale kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na mchele mkavu uliofungwa kwenye kitambaa, betri ikiwa imetolewa. Betri zake zilizokwisha zisiachwe madawatini. Ni ndogo kama vifungo, watoto wa awali huzimeza, na ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya muda mfupi, kwa hiyo aliyemeza akimbizwe hospitali mara moja, bila kusubiri aanze kulalamika. Zilizokwisha zikusanywe kwenye kopo moja lililofungwa, likae ofisini kwa mwalimu mkuu.